Na kipanya chetu mpaka Matema

Kabla hakijawa nyumba, kipanya chetu, yaani kibasi kidogo, kilikuwa kinabeba vyombo vya shughuli: masufuria ya pilau, turubai, viti vya plastiki. Baba watoto alikinunua kwa jamaa aliyekuwa anafunga biashara. Mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wakachomelea keria juu ya paa, na seremala mmoja wa Keko akatuundia kitanda cha mbao kinachokunjwa mchana kikawa benchi. Uvunguni mwa kitanda tuliweka madumu mawili ya maji ya lita 20, jiko, sanduku la mchele na unga, na poti ya mtoto. Nyuma ya dereva tuliacha siti moja yenye mikanda inayofunga kwelikweli. Wa kwanza wetu ana miaka 5, wa pili ana 2, na mimi simpakati mtoto kwenye barabara ya TANZAM, ile iendayo Zambia, hata anililie vipi.

Mabasi yanatoka Dar alfajiri na jioni yako Mbeya, zaidi ya kilomita 800. Ukiwa na watoto wadogo, hesabu hiyo iachie mabasi. Sisi safari yetu ya kutoka Dar mpaka Matema, kwenye Ziwa Nyasa, tuliipanga kwa usingizi wao. Saa 11 alfajiri tunawabeba wakiwa na nguo zao za kulalia, tunawafunga mikanda, wanaamkia kwenye mananasi ya Chalinze. Tunaendesha tena wakisinzia mchana, na ikifika saa 9 alasiri gari limezimwa, hata kama mbele kuna kitu kizuri. Waliozoea kusafiri wawili watakuambia huo ni uvivu. Waazime watoto wetu wiki moja.

Njia nzima, kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki wenye tochi za kupimia mwendo wanajua kuchagua mwembe wenye kivuli. Mkubwa tulimpa kazi ya kutangaza vibao. "Mama, hamsini!" Basi hata kwenye geti la kambi, gari likitembea mwendo wa kobe, alikuwa bado anatangaza hamsini.

Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takribani kilomita 50, kwa hiyo hata asiyelipa kiingilio huenda akamwona twiga. Mchana mwendo wa mwisho ni 70, na kuna bango lenye orodha ya faini, kila mnyama na bei yake ukimgonga. Sisi tuliingia ndani tulale. Malipo ya langoni si ya taslimu, na mtoto aliye chini ya miaka 5 halipi, jambo lililomuudhi mkubwa, kwa sababu yeye alikuwa na risiti na mdogo wake hana kitu, halafu wote wanaona tembo walewale. Kiangazi barabara za uwanda wa Mkata zinapitika bila gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Masika nisingethubutu.

Usiku wa manane mdogo akasema, "Kojo." Nje kulikuwa na kitu kinavunja matawi. Baba watoto akasogeza pazia kidogo, akalirudisha taratibu mno, nikajua. Tembo alikuwa anakula mti uliokuwa hatua chache kutoka kamba tuliyoanikia taulo. Nikaivuta poti, nikafunika tochi ya simu kwa pembe ya khanga, nikamketisha. Kwa muda hakutoka hata tone, anasikiliza tu.

"Nani anakula?"

"Tembo. Sema polepole."

"Anakula ugali?"

Nikamwambia anakula majani, ugali umekwisha. Akaridhika, akamaliza haja yake, akarudi kulala. Sisi wawili hatukulala tena mpaka kunapambazuka. Asubuhi taulo zilikuwepo kamba nzima, na chini yake fungu la kinyesi ambalo mkubwa alilipima kwa kandambili yake, mara tatu, ili awe na uhakika.

Kutoka Mikumi unaingia bonde la mibuyu, joto linapanda, na Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wanakufuata dirishani kabla hujasimama. Nunua hapo, bei ni nzuri, ila usivilaze karibu na godoro. Halafu unakutana na Mlima Kitonga.

Kitonga gari nilipandisha mimi. Malori yanayopanda yana mafuta na makontena ya Zambia na Kongo, yanayoshuka yana shaba, na yote yanatembea kwa gia ndogo, moja likipumulia mgongoni mwa jingine. Dereva wa lori aliye mbele yako atakusaidia ukimwelewa: akiwasha indiketa ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja, akiwasha ya kushoto, pita. Nilikuwa katikati ya kona, kulia ukuta wa malori, kushoto bonde, niliposikia, "Mama, tumbo."

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mazingira yalipona na mimi sipingi. Lakini wenye watoto wanaotapika garini tulipokonywa silaha. Siku hizi tunatembea na makopo ya aiskrimu yenye vifuniko, kila siti na lake, pamoja na limau lililokatwa la kunusa. Baba watoto aliwahi kopo, akawahi na kifuniko. Mdogo, kuona mwenzake anahudumiwa, naye akadai kopo lake, akalitemea mate ili mambo yawe sawa. Tulisimama Ilula, kwenye matenga ya nyanya, tukaosha nyuso na kukung'uta mkeka. Mama mmoja muuza nyanya akampa mgonjwa nyanya moja bure, akala yote, tumbo likasahaulika.

Iringa tulikaa kuliko tulivyopanga. Mwezi wa sita baridi yake si mchezo kwa mtu wa Dar, lakini kusini ya mji kuna shamba linalopokea wenye mahema na magari ya kulala, lenye bafu la maji yanayochemshwa kwa kuni. Mtoto aliyeoga maji ya moto saa 11 jioni hahitaji kubembelezwa. Tulipika mboga za palepale, na usiku tulilala wanne chini ya blanketi zote tulizobeba, madirisha yakitiririka jasho la pumzi zetu.

Isimila iko karibu kilomita 20 kutoka mjini, njia ya Mbeya. Ni korongo la nguzo ndefu za mchanga na udongo zilizochongwa na mvua na upepo, na chini yake kuna zana za mawe za watu wa zamani sana. Ziligunduliwa 1951, na wataalamu wakaanza kuchimba mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini. Watoto nguzo hawakuzijali. Walichoona ni mchanga safi usio na mipaka na mawe yanayolingana na kiganja. Mkubwa akaokota moja, akalitia mfukoni.

Mzee aliyekuwa anatuongoza akachuchumaa. "Mjukuu wangu, hilo tuliache. Lina wenyewe."

"Wako wapi?"

Mzee akacheka mpaka akavua kofia. Akamwonyesha jiwe lililonolewa pande zote mbili, akamshikisha, akamwonyesha lilivyokaa mkononi na lingekataje nyama. Jiwe likarudi mahali pake. Hapo nikaona kiingilio changu kimerudi.

Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, niliingia peke yangu. Fuvu la mtemi lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na kulitazama ni jambo la mtu mzima. Sikutaka kulieleza saa ya kulala ndani ya gari lenye giza. Watoto walibaki nje na baba yao, wanafukuza kuku wa watu.

Mafinga na misonobari yake, Makambako na upepo wake, tulipita. Uyole tukakata kushoto kuelekea Tukuyu, na hapo nchi ikabadilika: migomba, chai, Mlima Rungwe umevaa wingu, na mvua isiyojali kwamba kwingine ni kiangazi. Ndizi zilikuwa nyingi na za bei ya chini kiasi kwamba siku mbili hatukugusa mchele. Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba wa volkano juu ya Mto Kiwira, tulilitazama tumewashika watoto mikono yote miwili. Ni pazuri, panateleza, na mwenye mtoto wa miaka 2 asikae zaidi ya dakika kumi.

Kutoka baridi ya Tukuyu unateremka mpaka joto la Ziwa Nyasa, sweta zinavuliwa moja moja njiani. Matema iko kwenye kona ya juu ya ziwa, milima ya Livingstone inaanguka karibu majini, na mchanga ni wa kukanyaga peku. Kwanza tuliuliza wenyeji watoto wao wanaoga wapi. Mama mmoja aliyekuwa anaanua usipa, dagaa wa huko, akatuonyesha kwa kidevu: hapa ndiyo, kule kwenye mdomo wa mto hapana, kuna mamba. Tukakaa hapa. Kipanya kiliegeshwa chini ya mwembe, mlango wa pembeni wazi kutwa, na watoto waliingia na kutoka na mchanga wao mpaka nikaacha kufagia. Jioni samaki mbasa wa kuchoma, wali wa Kyela, na mdogo analala akiwa bado anatafuna.

Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu na kuvileta kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo, jirani na Matema. Nilitaka kimoja kidogo cha mboga. Mama muuzaji akaniuliza nina watoto wangapi, akatazama gari, akasema kidogo hakinitoshi, akanipandishia mpaka kile kikubwa. Tukashindana bei kwa heshima, mimi nikimwita mama, yeye akiniita mwanangu, na kila tulipokaribiana alinipunguzia kidogo na kunisifia watoto sana, mpaka nikalipa. Akaongeza visahani viwili vya udongo, kimoja cha kila mtoto.

Kurudi, chungu kilisafiri ndani ya blanketi, mahali pa dumu moja la maji, na baba watoto akawa anavuka matuta ya barabarani kama amebeba mgonjwa. Kilifika Dar kizima. Visahani vya watoto, kila mmoja akiwa amekataa kabisa kukiachia chake, havikuvuka Makambako.