Nilivyowakaribisha wageni katika mgahawa usio na sifa moja

Mtaani kwetu Magomeni kuna mgahawa ambao ni vigumu kupata watu wawili wanaokubaliana juu yake. Jirani yangu wa upande wa kulia hula hapo kila Ijumaa na huapa kwamba hajapata kuonja biriani inayoishinda ile. Jirani wa upande wa kushoto alikula mara moja, akaumwa tumbo usiku kucha, na hadi leo hataki hata kuusikia ukitajwa. Fundi cherehani wa pale kona hulalamikia mafuta yanayokaangiwa mpaka yakawa meusi, mkewe huyasifu maharage ya nazi, na vijana wa bodaboda husema chakula kinalika ila chenji haitoki. Maneno haya yote nilikuwa nikiyasikiliza kama mazungumzo ya barazani tu, mpaka ndugu zangu wa Tanga walipotuma habari kwamba wangekuja kwenye mahafali ya mdogo wangu, na ikaonekana wazi kuwa nyumba yetu ya vyumba viwili isingetosha kupikia wala kulia chakula watu wasiopungua ishirini.

Kumbi za kukodi zilikuwa juu ya uwezo wangu, na mgahawa ule ulikuwa hatua chache kutoka mlangoni, jambo lenye uzito mkubwa unapokuwa na bibi asiyeweza kutembea mbali. Tatizo lilikuwa kwamba watu wa Tanga hawadanganyiki kwa samaki wala kwa wali, na shangazi yangu ni mtu wa kulikumbuka pishi baya kwa miaka. Nikaona kuwa kuendelea kuwauliza majirani kama mgahawa ni mzuri au mbaya hakungenifikisha popote. Nilibadili swali: kila aliyesifu na kila aliyelaumu nilimwuliza alikula nini, siku gani na saa ngapi.

Majibu yalianza kujipanga yenyewe. Waliosifu walikuwa karibu wote watu wa mchana, na waliolaumu walikuwa wengi wao watu wa jioni. Nilipokwenda mwenyewe kukaa pale kwa nyakati mbalimbali niliielewa sababu. Mama mwenye mgahawa hupika kwa mkono wake kuanzia alfajiri, na kufikia saa sita mchana masufuria yote yako tayari. Baada ya Alasiri huondoka, akawaachia wasichana wawili kazi ya kupakua kilichobaki. Halafu jua likishatua, kijana mwingine kabisa huweka kabati lake la chipsi na jiko la mishkaki pale pale barazani, kwa kodi anayomlipa mama kila wiki. Mafuta yaliyomkera fundi cherehani yalikuwa ya kijana huyo, ambaye jikoni kwa mama hana la kufanya, lakini kwa mteja aliyeketi kwenye viti vile vile vya plastiki chakula chote ni cha mgahawa mmoja.

Habari ya tumbo nayo ilikuwa na saa yake. Jirani yangu alikula wali na maharage ya nazi baada ya Magharibi. Kilichomdhuru sina uhakika nacho, lakini mtu yeyote aliyekulia Pwani anajua kwamba chakula chenye tui hakikai katika joto la Dar es Salaam bila kuanza kuchacha. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2, na kinachosubiri kuliwa kiwe na joto linalozidi nyuzi 60 za Selsiasi. Wali una hatari yake ya pekee, kwa kuwa kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye chembe zake za uzazi hustahimili kuchemshwa, kisha wali ukipoa polepole huchipua na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo ahadi ya wasichana wale kwamba watakupashia haikunipa faraja.

Kwa upande wa biriani, mama huipika Ijumaa na Jumapili peke yake, naye ana haki, maana ni kazi ya nusu siku: nyama hulazwa katika mtindi, tangawizi na kitunguu saumu, vitunguu hukaangwa hadi vikauke, rojo huachwa ichemke taratibu, na wali hupikwa mbali na kutiwa rangi. Anayeiomba Jumanne hakatazwi. Huletewa pilau iliyomwagiwa mchuzi, kisha huenda kutangaza kwamba biriani ya pale ni kavu. Hapo nilimlaumu mama, na bado namlaumu, kwa sababu kusema kwamba leo haipo si aibu.

Samaki ndiye aliyenitatiza zaidi. Mama hununua asubuhi kwenye soko la samaki la Feri, na bahari ikichafuka wakati wa kusi, changu hupungua na bei hupanda, hivyo samaki wa kupaka hutengenezwa kwa sato wa Ziwa Victoria aliyegandishwa. Sato ni samaki mzuri kwa anayemtarajia, lakini mtu wa Tanga aliyeahidiwa changu atamtambua kwa tonge la kwanza.

Nilimwendea mama mapema asubuhi, kabla hajashikwa na kazi. “Shikamoo mama,” nikamwambia, “nina wageni wangu wa Tanga, nataka uwapikie mwenyewe.” “Marahaba mwanangu,” akajibu huku akichambua mchele, “wa Tanga? Basi tusidanganyane, tupange.” Tukapanga: iwe Jumapili, watu wakae saa saba kamili, iwe biriani ya mbuzi, samaki asiwepo kabisa, na bibi apikiwe mchicha na ndizi bila chumvi nyingi kwa ajili ya shinikizo lake la damu. Aliniomba nusu ya fedha kabla ili anunue mbuzi, nami nilimwomba aandike mapatano hayo kwenye daftari lake, jambo alilolifanya bila kununa. Suala la chenji nililimaliza kwa kulipa kwa simu kupitia lipa namba, na nadhani vijana wa bodaboda wangefanya hivyo hivyo wasingekuwa na ugomvi na mtu. Ijumaa niliikwepa kwa makusudi, kwa kuwa waumini wakitoka msikitini hufika wote kwa mkupuo, na wasichana wawili hawawezi kuhudumia meza zote.

Siku ilipofika, sahani zilianza kutoka saa saba na robo, nyama ikiwa laini na kachumbari ikiwa imekatwa muda huo huo. Bibi alimaliza ndizi zake zote. Mjomba alisema rojo ilizidi nyanya, kisha akaongeza sahani. Juisi ya ukwaju ilikuwa na sukari kupita kiasi, nami sikuwa nimeizungumzia katika mapatano. Shangazi alinyamaza, na kwake yeye kunyamaza juu ya chakula ni sifa kubwa.

Hata hivyo binamu zangu wawili walichelewa Kariakoo wakinunua vitenge, wakafika karibu saa kumi na moja. Mama alikuwa ameshaondoka, biriani ilikuwa ya ukoko na wali ulikuwa umepoa. Walikula huku wamekunja uso, na Tanga nzima ya kwetu sasa ina habari mbili za mgahawa ule, zote za siku moja.

Wiki iliyofuata nilirudi kumshukuru mama, nikamshauri aweke ubao mlangoni aandike siku za biriani na aina ya samaki aliyepikwa siku hiyo. Siku za biriani alikubali mara moja. Jina la samaki alikubali baada ya kufikiri kidogo, akisema waliozoea changu wakiona sato wataagiza kuku, nao kuku wana faida zaidi. Bei ya samaki ndiyo aliyokataa kuiandika, kwa kuwa kule mnadani Feri hubadilika kila asubuhi.