Nimerudi Marangu, Mawenzi bado hana moto

Jamani nimerudi. Miaka yote niliyokaa Ujerumani nilikuwa nawaelezea watu Kilimanjaro kwa namba, mita 5,895, mrefu kuliko yote Afrika, basi, nao wanauliza njia gani rahisi kupanda. Sasa niko kihambani kwa shangazi, mlima umefunikwa na mawingu tangu asubuhi, na cha kwanza nilichomwomba ni anisimulie tena Mawenzi alivyopigwa.

Kwa wasioijua: Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro, walikuwa majirani. Mawenzi akazimikiwa na moto, akaenda kwa Kibo kuomba kaa, akamkuta anatwanga ndizi kavu, akapewa moto na ndizi juu, akala akaondoka. Njiani akauzima makusudi, akarudi, akapewa tena. Aliporudi mara nyingine Kibo akachoka, akamtwanga na mchi uleule, ndo maana mpaka leo Mawenzi amechongoka na kupasukapasuka, na shangazi anasema anapenda kujifunika mawingu kwa aibu.

Sasa sikilizeni. Wanajiolojia wanasema Mawenzi ni volkano iliyokufa, Kibo imelala tu, kule juu kwenye kreta ya Reusch bado kunatoka gesi yenye harufu ya salfa. Yaani aliyeishiwa moto kwenye hadithi ndo huyohuyo aliyeishiwa moto kweli! Sisemi kuna babu yetu aliyeona Kibo ikilipuka, ni zamani mno, na makovu ya Mawenzi yamechongwa na mvua, barafu na upepo. Ila kuna watu walikaa chini ya vilele hivi viwili, wakavitazama vizazi na vizazi, wakaona mmoja mzima mwingine gofu, wakatafuta sababu. Mimi huo nauita uchunguzi, na inaniuma tulivyofundishwa kuziita hadithi hizi porojo za wazee.

Au chukua hii. Mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, akaandika, na kule London bwana mmoja anaitwa Cooley akakataa katakata kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Wakati huo huku watu walishakuwa na habari ya Mangi, yaani chifu, wa Machame aliyetuma watu wapande wakalete kile cheupe kinachong'aa, wakidhani ni fedha, akarudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibika, akisema kuna mapepo. Rebmann mwenyewe alisimuliwa. Mikono na miguu kuharibika vile daktari yeyote leo atakwambia ni baridi kali imekula nyama, na ukipanda juu sana bila kuzoea kichwa kinavurugika unaweza kuona na kusikia visivyokuwepo, kwa hiyo huyo mtu alileta ripoti kamili, sema hakuna aliyeisoma kama ripoti.

Wakonyingo nao shangazi hajawasahau, watu wafupi wenye vichwa vikubwa wanaoishi huko juu, wanalala wamekaa kwa sababu wakianguka hawawezi kuinuka, kila mmoja ana pembe ya kupuliza kuomba msaada. Hao sina maelezo yao na wala siyatafuti. Chui je? Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alimkuta chui amegandia ukingoni mwa kreta, juu ya mita 5,500, na alichokifuata kule kisicho na windo hakuna ajuaye mpaka leo.

Kinachonitia haraka ni barafu. Kati ya 1912 na 2011 takriban asilimia 85 ya barafu ya Kibo ilipotea, mtoto wa binamu yangu ananiuliza hiyo fedha ya Machame ilikuwa wapi, maana akiangalia juu anaona vipande tu. Nimeanza kumrekodi shangazi kwa simu, kwa Kichaga chake, simkatizi.

Watu wa Rombo, nyie Mawenzi ndo yuko juu ya vichwa vyenu. Kwenu pia ndiye mwenye makosa au mnaisimulia kwa upande wake? Andikeni hapa, hata kama mnakumbuka kipande tu.