Marehemu Haongei

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Mathayo 11:16-19, na ningeomba mlisome watoto wakiwa karibu, maana somo lenyewe ni lao.

Yesu anatafuta cha kukifananisha na kizazi chake, na safari hii hachukui mfalme wala mpanzi. Anachukua ugomvi wa watoto: "Tuliwapigia filimbi, wala hamkucheza, tuliomboleza, wala hamkulia." Yaani kundi moja limeanzisha mchezo wa harusi, wenzao wakanuna. Haya basi, tucheze msiba. Wakanuna vilevile. Mtu anayepita sokoni na haraka zake hayasikii maneno kama hayo. Inaonekana Bwana wetu aliwahi kusimama akawasikiliza.

Ukiwa mwalimu wa zamu hapa Dodoma, kengele ya saa nne ikigongwa, Mathayo 11 inajifungua yenyewe uwanjani. Msiba wanaupenda mno. Darasa la kwanza walimlaza mwenzao chini ya mwarobaini, wakamfunika masweta. Mchungaji akapanda juu ya jiwe na daftari la hesabu mkononi, akina mama wakashika vichwa wakilia. Katikati ya mahubiri marehemu akainua sweta: "Na mimi mniwekee ubuyu."

Mchungaji akamkemea, "Marehemu haongei!"

"Naongea kidogo tu."

Kesi ikaletwa kwangu. Kusema kweli marehemu alikuwa na hoja, kwa sababu waombolezaji wote midomo ilikuwa myekundu, na mmoja wao, ulimi umekolea rangi ya ubuyu hadi kooni, aliniapia kwamba hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Na kwa kuwa ni Dodoma, Bunge nalo halikosi. Spika hukalia ndoo iliyopinduliwa. Mheshimiwa wa miaka 7 akasimama: "Naunga mkono hoja!" Hoja gani? "Sijui, ila naunga mkono." (Walio kwenye kamati za kanisa msicheke sana.)

Wanagombana, wananyang'anyana nafasi, lakini mchezo ukishaanza wanaingia wazimawazima. Aliyepangiwa kulia analia mpaka kamasi zinamtoka. Yesu anawalalamikia wale wengine, waliokaa pembeni na kukataa yote mawili. Yohana Mbatizaji alikuja, hali wala hanywi, wakasema ana pepo. Mwana wa Adamu akaja akila na kunywa, wakamwita mlafi na mlevi.

Tusikimbilie kuwanyoshea kidole watu wa zamani zile. Kwaya ikiingia na muheme na kayamba, akina mama wakazipiga ngoma sawasawa, tunanong'ona kwamba dunia imeingia kanisani. Ikiimba tenzi taratibu, ibada imepoa. Akihubiri toba, mchungaji ni mkali. Akihubiri neema, anawabembeleza wenye dhambi. Na sisi tumekaa.

Mara nyingi sababu zetu za kukaa zinafanana na za mtoto aliyenijia machozi yakimtiririka: "Mwalimu, huyu ananitukana kimoyomoyo." Umejuaje? "Nimemwona macho." Nilitaka kucheka, lakini nikakumbuka wanajumuiya wawili wasiosalimiana mpaka leo, na ushahidi wao hauzidi huo.

Ongezeni na Zekaria 8:4-5. Ulikuwa mwaka wa 4 wa mfalme Dario, hekalu halijakamilika, Yerusalemu bado inajikongoja kutoka kwenye uharibifu. Mungu anaueleza mji utakavyokuwa ukipona, na hapo hataji ukuta wala lango. Anataja wazee wenye mikongojo wameketi njiani, na mitaa iliyojaa wavulana na wasichana wakicheza. Sisi tunaoishi kati ya magreda na maghorofa tangu Serikali ilipohamia huku, tumezoea kuupima mji kwa lami. Mstari unaofuata unauliza kama jambo hilo linaonekana gumu machoni pa watu, je, liwe gumu machoni pake pia? Wale waliobaki Yerusalemu walihitaji kuulizwa hivyo. Huenda sisi pia, tulio na viwanja vya kujenga kila kitu isipokuwa vya kuchezea.

Jumapili ibada ikiisha, tukiwa bado tunapeana mikono pale nje, watoto watakuwa wameshaanza kugombea nani awe bibi harusi. Watakuja kutafuta wageni waalikwa. Wakikuita, usisingizie viatu.