Siku moja maishani mwangu: fundi injini, Unga Limited Arusha

Watu wakisikia fundi gereji wanawaza mtu kalala chini ya gari, mikono myeusi, anagonga gonga. Chini ya gari nalala kweli, ila muda wangu mwingi unaishia kwenye kupima, na kupima ndo kitu mteja hataki kabisa kukilipia. Leo nimeamua kuandika jana ilivyokwenda.

Saa 12 na nusu asubuhi nimeshashuka daladala, nafungua geti, dogo anafagia. Saa 1 mpaka saa 3 ni Land Cruiser ya tour, injini ya dizeli 1HZ, oil, filta, grisi, dereva anaondoka na wageni wake. Saa 3 Noah old model, taiming beliti, imeisha. Chai na chapati mbili kwa mama hapo nje.

Saa 4 na nusu akaingia chalii mmoja na Corolla ya zamani yenye 4A-GE ya valvu 16, injini naipenda sana ile. Kabeba boksi, ndani kemshafti mbili mpya, yaani zile shafti zinazofungua valvu, moja ya inteki (hewa inakoingilia) na moja ya egzosti (moshi unakotokea), kaagiza nje. "Fundi shikamoo, toa za zamani weka hizi, jioni nakuja kuchukua, weekend nina safari." Nikasoma karatasi yake: nyuzi 288, yaani krenki inazunguka kiasi hicho valvu ikiwa wazi, na lift, yaani valvu inasukumwa umbali gani, mm 9 na kitu. Za kiwandani ni nyuzi kama 240 na lift haifiki mm 8. Nikamuuliza, springi za valvu ziko wapi mdogo wangu? Akasema springi si zipo kwenye injini.

Hapo ndo asubuhi yangu ilipoishia, maana nilimweleza mpaka koo likakauka, na kila nikimaliza moja anasema kuna fundi mwingine kamwambia masaa matatu tu na anaendesha.

Iko hivi. Kemshafti ikisukuma valvu chini zaidi, springi nayo inabanwa zaidi. Napima urefu wa springi ikiwa imefungwa kwenye hedi (kichwa cha injini), natoa lift, kinachobaki nalinganisha na urefu wa springi ikiwa imebanwa mpaka nyaya zimegusana, isipobaki kama mm 1.5 sifungi. Halafu naangalia kile kisahani cha juu ya springi kisije kikashuka kikagonga sili ya valvu. Na hata nafasi ikiwepo, springi laini ya zamani injini ikifika rpm 7,000 (mizunguko kwa dakika) na kuendelea haiwahi kuifunga valvu, valvu inaelea, na hiyo kemshafti nguvu yake yote iko huko juu. Sasa umenunua nini?

Ya pili ni shimu, kile kisahani kidogo cha kurekebisha nafasi ya valvu. 4A-GE ya valvu 16 shimu inakaa juu ya kikombe cha tapeti, kemshafti yenye lift kubwa ikizunguka kwa kasi inaweza kuirusha ikatoka, ikitoka imekula kemshafti na hedi pamoja. Kwa lift ya huyu bwana unataka vikombe vya shimu ya chini. Hana.

Ya tatu hakuitegemea. Nyuzi nyingi maana yake valvu ya inteki inachelewa kufunga, kwenye rpm ndogo kompresheni inakimbia, na hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa uko chini ya Dar kwa kama asilimia 15, injini tayari inavuta hewa nyepesi. Unaweza kurudisha kompresheni kwa kupiga skimu hedi, yaani kuichonga uso wa chini, lakini ukipiga skimu valvu zinasogea karibu na pistoni, na taiming ya kemshafti inachelewa kidogo, kwa hiyo unahitaji gia za kemshafti za kuadjasti. Silensa nayo, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, haitulii, vakyum inayosaidia breki inapungua, uko kwenye foleni unakanyaga breki mara ya pili ya tatu pedali inakuwa ngumu. "Breki tena fundi?" Ndiyo, breki tena. Na kompyuta ya gari haijui kama umebadilisha kitu, mafuta inapiga kwa hesabu ile ile ya zamani.

Alinuna. Akapiga simu, akarudi, akauliza bei upya. Mwisho akasema haya pima, akaacha gari. Saa 7 hiyo na sijala.

Mchana sikumbuki vizuri kila kitu. Tulitoa hedi, nikaona ilishawahi kupigwa skimu huko nyuma, mwenyewe hajui. Nikaweka plastisini (ule udongo laini wa watoto) kwenye pistoni ili valvu ziache alama nijue nafasi iliyobaki kati yake na pistoni, kemshafti zake mpya, springi laini za kupimia, gasketi ya zamani, tukafunga kwa tokirenchi, beliti, nazungusha krenki kwa mkono polepole mizunguko miwili, na umeme ukakatika tuko katikati, tukaendelea kwa tochi ya simu ya dogo, mgongo unauma, wa Land Cruiser anapiga simu kuuliza kama chujio la dizeli nilibadilisha, nimebadilisha ndugu yangu, liko kwenye risiti.

Giza limeingia ndo tukafungua. Nikaikata plastisini kwa wembe nikapima kwa venia. Upande wa inteki mm 1.3. Mimi nataka angalau 2, egzosti 2.5, maana injini ikipata moto ikapanda juu vitu vinanyooka. Nikapima tena silinda zote nne, ile ile.

Nikapiga picha nikamtumia yule chalii wa Corolla. Hakubisha safari hii, akaandika tu, "kwa hiyo tunafanyaje kaka?" Nikamwambia hizo 288 azirudishe, tuagize za nyuzi 256 zenye lift ndogo, shimu zake zibaki, springi mpya seti nzima na sili zake, gia za kuadjasti, halafu plastisini narudia palepale zikifika. Weekend apande basi.