Biskuti si chakula cha kobe

Jumamosi, baada ya alasiri

Mtoto akimpenda kobe humpa anachokipenda mwenyewe: mkate, biskuti, wali wa nazi, hata dagaa. Hapo ndipo somo linapoanzia, na ndilo gumu kuliko yote, maana unamkataza ukarimu anaofundishwa kila siku nyumbani.

Kabla ya hapo, moja. Kasa ni wa bahari na hafugwi. Mtoto akimkuta kifaranga wa kasa ufukweni asimtie kwenye ndoo. Amwache atambae mwenyewe hadi majini. Kobe wa porini naye haokotwi tu. Hapa tunamsema kobe wa nchi kavu ambaye tayari yuko uwani.

Waliofika kisiwa cha Changuu, Zanzibar, huwaona wale kobe wakubwa, ambao wanne wa mwanzo waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wakilishwa mchicha na wageni. Mtoto hurudi akiamini mchicha peke yake unatosha. Si sumu, lakini una oksaleti, kemikali ya majani inayoishika kalsiamu tumboni isifike gambani, kwa hiyo usiwe chakula cha kila siku. Chakula chake hasa ni ukoka, magugu yasiyopigwa dawa na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miba. Kisamvu kibichi hapana kabisa: kina sumu ambayo sisi tunaiondoa kwa kutwanga na kuchemsha, naye hana kinu wala chungu. Papai au embe, tonge moja kwa wiki, likizidi ataharisha. Nyama na samaki humchosha figo.

Kiasi ni rundo linalolingana na gamba lake, asubuhi, jua likishampasha moto, kwani akiwa baridi chakula hakisagiki. Liwekwe juu ya kigae. Akila mchangani humeza mchanga pamoja na jani, ukajazana tumboni mpaka akafunga choo. Kalsiamu tunayo bure: mfupa mweupe wa dome, jamaa wa pweza na ngisi, unaookotwa pwani. Uloweke usiku mzima utoke chumvi, uanike, umwachie augugune. Ila bila jua mfupa huo haumsaidii sana, maana miale yake ndiyo inayompa vitamini D, na kioo cha dirisha huizuia. Pamoja na jua pawe na kivuli. Hatoi jasho, na akikosa pa kujificha anaweza kufa kwa saa chache. Maji yawe kwenye sahani pana, yasipite kidevu, yabadilishwe kila siku kwa sababu humo humo hunywa na humo humo hujisaidia.

Mwite mtoto achutame amtazame akila. Hana meno; kingo za taya hukata kama mkasi, na mguu wa mbele hulikanyaga jani ili alivute. Huvutwa sana na rangi nyekundu, na kidole kilichotiwa hina kwake ni ua tu. Jani liwekwe chini, lisishikwe.

Watoto wengi hudhani gamba ni nyumba ambayo kobe anaweza kuihama. Uti wa mgongo na mbavu zake zimeungana nalo, nalo lina hisia. Kulitoboa upitishe kamba ni kumtoboa mfupa.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa, na sahani yake isioshewe jikoni. Kobe mzima wa afya anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo, wa nchi kavu na wa maji matamu, wenye gamba la chini ya sentimita 10 hivi. Mtoto aliye chini ya miaka mitano aangalie tu.

Zamu ziandikwe daftarini. Mara moja kwa mwezi apimwe kwa mizani yake mwenyewe, gramu ziandikwe. Zikishuka mara mbili mfululizo, au pua ikitoa mapovu, aitwe daktari wa mifugo. Safu ya mwisho ya daftari tumeiita "alichonyimwa leo". Watoto huijaza upesi kuliko zote: biskuti, biskuti, chapati, biskuti.