Nilivyomzungusha mama ziwa zima la Stourhead na magoti yake yakiuma

Kama mgeni wako ana magoti mabovu, tafadhali usimwanzishie bustani ya Stourhead, huku Uingereza, kwa kile kilima cha hekalu la Apollo. Mimi nilishauriwa hivyo: "Pandeni mapema mkiwa na nguvu, mandhari yote iko juu." Nikatii. Mama, ambaye alikuwa amekuja kututembelea kutoka Muheza, alifika katikati ya mlima akashika shina la mti, akanyamaza. Mama yangu akinyamaza ujue kazi ipo. Tukateremka, tukarudi nyumbani hatujaona kitu zaidi ya daraja la mawe. Ndani ya teksi mpaka stesheni ya Gillingham hasira zilinibana kooni, na nauli yenyewe si ya kitoto.

Sikukubali yaishe hivyo. Nikaketi na ramani, nikasoma habari za bustani yenyewe. Henry Hoare, mwenye benki, alianza kuitengeneza miaka ya 1740. Bonde lilizibwa kwa tuta, maji ya chemchemi za mto Stour yakajaa yakawa ziwa, na kando yake akajenga mahekalu, ukiwa kwenye moja unaliona jingine ng'ambo ya maji. Kumbe vituo vya kupumzikia vilishawekwa tangu enzi hizo!

Tukarudi mwishoni mwa Mei, maua ya rododendroni yamewaka kila upande. Nilibeba kistuli cha kukunja na chupa ya chai ya tangawizi. Tulianzia hekalu la Flora, ziwa likiwa mkono wa kushoto, na sikutamka hata mara moja kwamba bado ni mbali. Nilimwonyesha tu: "Mama, unaliona lile jumba lenye kuba? Chai tutainywea pale." Akalitazama, akajifunga kanga vizuri, akaondoka yeye mbele.

Nililoliogopa ni pango. Giza, mawe yamelowa, halafu kuna ngazi za kutokea. Lakini mama alipoona lile sanamu jeupe la mwanamke aliyelala, maji yakimtiririka chini yake, hakutaka kutoka. Akaweka kiganja kwenye ukuta wenye unyevu.

"Haya ni ya chemchemi, mwanangu?"

"Ndiyo mama. Ndio mto unapoanzia."

"Unakwenda wapi?"

"Baharini, kusini huko, Christchurch."

"Alhamdulillahi," akasema, akabaki anasikiliza. Ukutani kuna tundu kubwa, ukichungulia unaliona ziwa linang'aa nje, na mwanga ule ulimwangukia usoni. Picha sikupiga, nilikuwa nimemshika mkono.

Kwenye ngazi, mguu mzima ndio unaotangulia kupanda, ule unaouma unafuata, na mkono mmoja begani kwangu. Kidato kimoja, pumzi moja. Tukafika Panteoni, jumba la kuba lenyewe, tukamimina chai. Ilikuwa bado ya moto.

Baada ya hapo tulipita juu ya tuta, tukafuata njia ya chini, hatukuugusa mlima. Ni kama kilomita mbili hivi kuzunguka, sisi tulitumia saa tatu. Darajani mama aligeuka, akaanza kuhesabu kwa kidole: "Pale tulikaa, pale tulikunywa chai, na kule ndani ndiko mto unakotoka." Kisha akatazama juu kwa Apollo.

"Kule tumewaachia wenye magoti," akasema. "Haya, nipige picha, na maji yaonekane."