Elki wangu nilimpata kwenye bonde ambalo watu hulikwepa

Nilitaka kuwinda elki, yule paa mkubwa wa Amerika Kaskazini, na kila niliyemuuliza niende wapi alinijibu kitu kimoja: nenda milima ya Flat Tops. Ni kweli, huko kaskazini-magharibi mwa Colorado elki wamejaa, na hakuna jimbo la Marekani lenye elki wengi kama hili, wanapita 250,000. Lakini ushauri ule ulinipotezea msimu mzima, na mpaka leo unaniuma.

Nilifika usiku wa kuamkia ufunguzi wa msimu wa pili wa kuwinda kwa bunduki, mwezi wa kumi. Mwisho wa barabara ya vumbi nikakuta magari yamepangana kama gulioni. Alfajiri taa za kichwani zinapanda mlima, mbele yangu na nyuma yangu. Kufika saa mbili asubuhi risasi zimeshanyamaza. Siku ya tatu ndipo nikawaona elki: kundi la kama mia, wanakula majani kwa raha zao ng'ambo ya seng'enge, ndani ya ranchi ya mtu. Kwa darubini nilihesabu hadi matawi ya pembe. Nilikaa pale mpaka giza nikingoja waruke. Hawakuruka.

Mwaka uliofuata nikabadilisha swali: wawindaji wenyewe hawapendi kwenda wapi? Nikachukua ramani, nikapaka wino mwekundu kila mahali palipo ndani ya kilomita mbili kutoka barabarani. Peupe palibaki padogo sana. Humo nikatafuta mteremko unaotazama kaskazini, wenye msitu mzito, maana elki ameshaota manyoya ya baridi na mchana anataka kivuli. Nikapata bonde moja, sitalitaja, liko chini kuliko barabara. Watu hupenda kupanda mikono mitupu na kushuka na mzigo. Kupandisha nyama hawataki.

Mwishoni mwa Agosti nikaenda kulikagua. Magome ya miti ya aspeni yametafunwa hadi usawa wa kifua changu, na penye chemchemi kuna dimbwi la tope lililovurugwa kwa kwato, linanuka kama banda la beberu. Leseni nikanunua dukani. Kwa mkazi wa Colorado si ghali, mafuta ya gari yalinitoka zaidi.

Siku yenyewe shemeji alitaka tushuke alfajiri. Nikamwambia, "Subiri, shemeji, upepo ugeuke." Asubuhi hewa ya baridi huteremka bondeni, na harufu yako inakutangulia. Tulikaa juu tukitetemeka hadi saa nne, jua likapasha mteremko, upepo ukaanza kutupiga usoni. Ndipo tukashuka, hatua kwa hatua.

Dume alikuwa amelala kwenye misunobari. Alipoinuka nikahesabu matawi ya pembe: matano upande mmoja, na sheria inataka manne. Risasi moja, mita kama 140.

Paja moja la nyuma na mfupa wake halipungui kilo 25. Kama huna wa kukusaidia kubeba, chagua mahali karibu zaidi na barabara. Sisi tulipandisha mara mbili mbili, mzigo wa mwisho ukafika kwenye gari saa tano usiku. Ini tulilichoma pale pale kwa chumvi tu.